Soda itozwe kodi kwa gramu za sukari, si kwa lita

Chukua chupa ya soda ya kola ya nusu lita, uigeuze, usome yale maandishi madogo ya nyuma. Utakuta gramu 10 na ushee za sukari katika kila mililita 100. Chupa nzima hubeba gramu 53 hivi, sawa na vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana isivuke 25. Maana yake mtu anamaliza kiwango cha siku nzima akiwa amesimama kituoni anasubiri daladala.

Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Ukishamaliza soda, sahani ya wali unaila vilevile. Ziada hiyo ikijirudia kila siku huleta unene, kisukari cha aina ya pili na meno kuoza.

Sisi wataalamu wa lishe tumewasihi watu wapunguze, na tutaendelea kuwasihi. Lakini ushauri wa kliniki unaishia getini pale mgonjwa anapotoka na kukuta soda baridi kila duka. Sera ndiyo inayoweza kubadilisha kilichomo ndani ya chupa yenyewe, na mfano ninaoupenda zaidi uko barani kwetu.

Februari 2016, Waziri wa Fedha wa Afrika Kusini, Pravin Gordhan, alitangaza kodi ya vinywaji vya sukari. Ilianza kutozwa Aprili 2018. Gramu 4 za mwanzo katika kila mililita 100 hazilipiwi. Kila gramu inayozidi hapo ilitozwa senti 2.1 za randi. Tupige hesabu ya chupa yetu: gramu 20 zinasamehewa, 33 zinalipiwa, jumla senti 69. Kiwanda kikipunguza sukari hadi gramu 4 kwa kila mililita 100, hakilipi hata senti.

Viwanda vikapunguza. Watafiti waliofuatilia manunuzi ya kaya waliona sukari inayotokana na vinywaji hivyo ikishuka kutoka gramu 16 hivi kwa mtu kwa siku, kabla ya tangazo, hadi chini ya 11 baada ya kodi kuanza. Uingereza nayo ilianza kutoza mwezi huohuo kwa ngazi mbili, kuanzia gramu 5 na kuanzia gramu 8. Kati ya 2015 na 2019, wastani wa sukari katika vinywaji vinavyoguswa na kodi hiyo ulipungua kwa asilimia 44 hivi.

Tanzania na Kenya hutoza ushuru wa bidhaa kwenye soda kwa lita. Soda ya gramu 11 na ya gramu 4 zinalipa sawasawa, na Kenya hata maji ya chupa yamewekwa kundi moja na soda. Kwa utaratibu huu, mwenye kiwanda apunguze sukari ili apate nini?

Wapo wanaosema kodi hii inamwumiza maskini. Hoja hii naichukulia kwa uzito. Mexico ilipoanza kutoza peso 1 kwa lita mwaka 2014, kaya za kipato cha chini ndizo zilizopunguza ununuzi kuliko wengine wote. Na kisukari kikimpata maskini, ndiye anayeuza shamba ili atibiwe.

Hoja ya ajira ni ngumu zaidi. Wakulima wa miwa wa KwaZulu-Natal na Mpumalanga walipinga vikali, na kodi ikapitishwa ikiwa karibu nusu ya ile asilimia 20 ya bei iliyokuwa imekusudiwa. Nyongeza iliyopangwa kwa 2023 nayo ikaahirishwa. Wakulima wetu wa Kilombero au Mumias wanastahili kushirikishwa tangu mwanzo, kabla muswada haujafika bungeni.

Jambo moja Afrika Kusini ililiacha: juisi halisi ya matunda haitozwi. Boksi la juisi linaweza kuwa na sukari nyingi sawa na soda, na ndilo wazazi wengi humwekea mtoto kwenye begi la shule wakidhani wamempa kitu salama. Sheria yetu ilijumuishe nalo. Na kila shule iwe na bomba la maji safi ya kunywa, ili mtoto mwenye kiu asilazimike kwenda dukani.