Frida Kahlo hakuchora ndoto

Watu wengi wakiona michoro ya Frida Kahlo, wa Mexico, husema: huyu ni msurealisti, yaani mmoja wa wasanii waliochora ndoto. Jina hilo alipewa na mshairi Mfaransa André Breton aliyemtembelea mwaka 1938. Mwenyewe alilikataa, akisema alichora maisha yake. (Ni kweli alishiriki maonyesho ya wasurealisti Mexico City mwaka 1940, msanii naye hutafuta pa kuonyesha kazi.)

Asili ya michoro yake iko karibu zaidi, makanisani mwa Mexico. Huko mtu akinusurika ajali au ugonjwa humchorea mtakatifu kibati cha shukrani: tukio lenyewe bila kuficha damu, mtakatifu akielea juu, na maelezo mafupi chini. Frida alikusanya vibati hivyo kwa mamia. Mwaka 1932, mimba ilipoharibika akiwa Detroit, alijichora juu ya bati vilevile, amelala kitandani anavuja damu, na vitu vinaelea kumzunguka. Mtakatifu hayupo, wala hakuna wa kushukuriwa. Hapo ndipo usasa wake ulipo, kwa maoni yangu.

Tena hakuwa mwanakijiji asiyesoma. Alizaliwa mwaka 1907 Coyoacán, baba yake mpigapicha kutoka Ujerumani, akasoma shule ya kifahari jijini. Hata hivyo, kazi ambayo serikali ya Ufaransa ilinunua mwaka 1939 ni sura yake imezungukwa na ndege na maua yaliyochorwa kwenye kioo, mapambo ya sokoni kabisa.