Kwa Nini Programu Isiyolipiwa Hufa

Programu haiozi kama embe, lakini ikikosa mtunzaji hufa vilevile, kwa sababu mazingira yake hayatulii. Kila mwaka hutoka toleo jipya la Android, na duka la Google Play huwataka watengenezaji waoanishe programu zao nalo. Iliyobaki nyuma zaidi ya miaka miwili haionekani tena kwa mteja mpya mwenye simu ya kisasa. Kazi hiyo haimwongezei mtumiaji hata kitufe kimoja, ndiyo maana wachache huona sababu ya kuilipia.

Chukua OpenSSL, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) inayosimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Kufikia 2014 ilitegemewa na sehemu kubwa ya tovuti duniani, huku ikipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka na ikiwa na mfanyakazi mmoja wa kudumu. Aprili mwaka huo likafichuliwa tundu la kiusalama lililoitwa Heartbleed. Mshambuliaji hutuma neno fupi na kudai lina urefu wa kilobaiti 64. Seva, bila kupima, humrudishia neno hilo pamoja na chochote kilicho jirani yake kwenye kumbukumbu, nywila zikiwemo. Kulinganisha urefu uliodaiwa na ule halisi kungetosha kulizuia. Tundu hilo lilikuwamo tangu toleo la Machi 2012. Baada ya aibu hiyo kampuni kubwa zilichanga fedha kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi ya programu huria, watu wakalipwa kuitunza OpenSSL muda wote.

Kwa programu inayotengenezwa na mtu mmoja hesabu ni nyembamba zaidi. Ukilipa dola 10 dukani, duka hukata kamisheni yake: hata kwa kiwango nafuu cha asilimia 15, mtengenezaji hubakiwa na 8.50, na kodi bado. Kama anauza leseni kwenye tovuti yake, nunua huko. Kwanza tazama tarehe ya toleo la mwisho. Kimya cha mwaka mzima ni cha kuulizia. Leseni ya kulipa mara moja ni nafuu mfukoni, ila wateja wa zamani huhudumiwa kwa fedha za wapya, na wapya wakipungua masasisho hukatika. Ada ndogo ya kila mwaka humwezesha kupanga. Hifadhi ufunguo wa leseni na kumbuka barua pepe uliyonunulia: simu ikipotea, hivyo ndivyo vitakavyokurudishia ulicholipia.