Duara la mawe lililobaki jina: dhana potofu na ukweli

Hakuna anayeshuka kwenye daladala pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, akaanza kuangaza macho kutafuta mnazi. Na Kariakoo, ukiipasua upate mzizi wa Kibantu, umepotea njia: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Majina ya mahali huishi kuliko vitu vilivyoyazaa, na mengine hugeuka midomoni mwa watu mpaka yakaanza kudanganya.

Uingereza wapo watu wanaosoma majina ya vijiji na mashamba ili kugundua palipokuwa na miduara ya mawe ya kale, yale mawe makubwa yaliyosimikwa wima miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Ni kazi tamu, lakini imezungukwa na uvumi mwingi.

Dhana: Kijiji kikiitwa Stanton, basi palikuwa na duara la mawe

Stanton imetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha Kale: stān ni jiwe, tūn ni shamba lenye boma au kijiji. Akina Stanton wametapakaa nchi nzima, na wengi wao walipewa jina hilo kwa sababu tu ardhi yao ina mawe mengi. Ukimkabidhi ramani mtu mwenye hamu, atakuonyesha miduara mia kabla chai haijapoa.

Lakini kuna Stanton Harcourt, katika Oxfordshire. Harcourt ni ukoo wa mabwana wa pale. Hilo la mawe ndilo lenye kisa. Kusini mwa kijiji palikuwa na duara linaloitwa Devil's Quoits, yaani pete za kurusha za Shetani, na wenyeji husimulia kwamba Shetani alicheza na ombaomba mchezo wa kurusha pete, roho ya maskini yule ikiwa ndiyo dau, akashinda kwa kuvurumisha mawe yale. Mawe yaliangushwa moja baada ya jingine, mengine yakafukiwa. Mwaka 1940 serikali ilihitaji uwanja wa ndege za kivita, mwakiolojia W. F. Grimes akachimba harakaharaka kabla ya ujenzi, kisha uwanja ukapita pale pale. Baada ya vita wakaja wachimba kokoto. Kilichosalia kikiwa kizima ni jina la kijiji. Kati ya 2002 na 2008 mawe yaliyoanguka na yaliyofukiwa yalisimamishwa tena karibu na pale yalipokuwa, na leo unaweza kwenda kuyaona, jirani na dampo la taka.

Jina, basi, lilikuwa dokezo zuri. Aliyethibitisha ni mwenye sururu.

Dhana: Stanton Drew ni "kijiji cha mawe ya Wadruidi"

Hapa pananichekesha kila mara. Stanton Drew, Somerset, ina duara kubwa lenye kipenyo cha mita 113 hivi. Kwa ukubwa linashindwa na la Avebury tu. Wasomi wa karne ya 18 waliona "Drew" wakasikia "Druid", kuhani wa kipagani wa kale. John Wood, msanifu majengo wa Bath, alilipima duara hilo mwaka 1740 akaamini kwamba lilikuwa chuo cha makuhani hao. Mpaka leo baa ya kijijini inaitwa Druid's Arms, na mawe matatu makubwa yamo katika bustani yake, karibu na meza za wanywaji.

Kumbe Drew ni jina la familia iliyomiliki ardhi hiyo katika Enzi za Kati, sawa na Harcourt kule kwingine. Wadruidi tunaanza kuwasoma kwa waandishi wa Kigiriki na Kirumi, akiwemo Julius Caesar, katika karne za mwisho kabla ya Kristo. Kufikia wakati huo mawe ya Stanton Drew yalikuwa na umri wa miaka kama 2,000.

Uvumi umewapotezea watu jambo kubwa zaidi. Mwaka 1997 vipimo vya sumaku vilivyofanywa juu ya majani, bila kuchimba, vilionyesha ndani ya duara hilo pete tisa za mashimo, moja ndani ya nyingine. Inaelekea yalibeba magogo marefu. Hakuna jina lililodokeza hayo.

Dhana: Mawe yakishaondolewa, hakuna ushahidi uliobaki

Karibu na Avebury lipo shamba liitwalo Longstones, yaani mawe marefu, ingawa mawe yanayosimama ni mawili tu: Adam na Eve. Katika miaka ya 1720 mchunguzi wa mambo ya kale William Stukeley alidai kwamba hayo ni mabaki ya njia ndefu yenye mawe pande zote mbili. Wengi waliofuata walimwona mwotaji. Mwaka 1999 waakiolojia walifungua shamba lile wakayakuta mashimo ya mawe yamepangana, na mawe mengine yamelala chini ya udongo.

Shimo la jiwe halifutiki kirahisi. Udongo ukishachimbwa na kujazwa tena haurudi kuwa kama wa kando yake. Rangi hutofautiana na unyevu pia. Na jiwe lililovunjwa huacha alama zaidi: wavunjaji walilitumbukiza katika shimo, wakawasha moto wa nyasi kavu, likishapata moto wakalimwagia maji baridi na kulipiga nyundo. Majivu, udongo ulioiva kwa moto na vipande vyenye ncha kali bado vimo.

Dhana: Kanisa ndilo lililoyavunja yote

Sehemu ndogo ni kweli. Huko Avebury mawe mengi yalifukiwa karibu na karne ya 14, na huenda hofu ya upagani ilichangia. Lakini wavunjaji wa karne ya 18 walitaka mawe ya kujengea na nafasi ya kulima. Na mtu mmoja aliyefukuliwa huko mwaka 1938 chini ya jiwe, akiwa na mkasi na sarafu zake, alisemwa kwamba alipondwa akiliangusha. Uchunguzi wa baadaye wa mifupa ulitia shaka.

Dhana: Nine Maidens walikuwa wasichana tisa

Cornwall ina miduara kadhaa yenye jina hilo la mabikira tisa, na michache ina hesabu inayolingana. Merry Maidens, yaani wasichana wachangamfu, duara jingine la huko, wana mawe 19. Kwa Kikornishi, lugha ya asili ya Cornwall, wanaitwa Dans Maen, ngoma ya mawe. Wapo wanaodhani kwamba "maiden" ni neno la Kikornishi medn, jiwe, lililosikika vibaya, kisha hadithi ikafuata: wasichana walicheza ngoma siku ya Jumapili wakageuzwa mawe. Wapiga zumari wao, mawe mawili marefu kuliko yote, wamesimama shamba la mbali kidogo. Eti walikuwa wanakimbia.