Je, wajua? Kinachomaliza makaa kwenye tanuri la chuma si kuyeyusha

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la haraka kwa anayeuliza kwa nini viwanda vya chuma hula nishati kiasi kile. Chuma ni kigumu kuyeyuka, bwana. Nyuzi 1,538 za Selsiasi si mchezo. Jibu hilo nimewahi kulitoa mbele za watu, kwa kujiamini, na hakuna aliyenipinga. Kumbe nilikuwa nikieleza sehemu ndogo kabisa ya bili.

Tuhesabu kwa yuniti, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Kuichukua tani moja ya chuma baridi, kuiyeyusha na kuifikisha nyuzi 1,600, kunahitaji kama yuniti 370. Lakini ukianza na mawe ya madini, kuna kazi nyingine ya kufanywa, na hiyo peke yake inadai kama yuniti 2,050. Hizo ni hesabu za karatasini, za tanuri lisilovujisha joto hata chembe. Viwanda halisi vinavyoanzia kwenye mawe hutumia kama yuniti 5,500 kwa tani, ingawa namba hiyo hupanda na kushuka kutegemea unaanza kuhesabu wapi: mgodini, kwenye uokaji wa makaa ya mawe, au mlangoni pa tanuri.

Kazi hiyo nyingine ni kuondoa oksijeni. Jiwe jekundu la hematiti kimsingi ni kutu isiyo na maji: kila tani ya chuma iliyomo imefungamana na kilo 430 za oksijeni. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka. Kutu? Kutu inabanduka kwa ukucha, sasa yuniti 2,050 za nini? Hapo nikawa nimekosea mara ya pili. Ukucha unaibandua kutu kutoka kwenye bati, lakini hauitoi oksijeni ndani ya kutu. Isage hadi iwe laini kuliko poda ya mtoto, bado ni kutu. Ipashe moto mpaka iyeyuke, utapata uji wa jiwe, na chuma hukioni.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Maji yakiwa kisimani yametulia, hayana haja ya kwenda popote. Ukiyataka juu, lazima pampu ifanye kazi, na umeme ilioutumia haukupotea: umo ndani ya tangi, unasubiri mtu afungue bomba. Madini ni maji ya kisimani. Chuma safi ni tangi lililojaa. Tanuri ndilo pampu. Na kutu? Kutu ni bomba linalovuja, tone kwa tone, miaka ishirini.

Maana yake ni kwamba kutu inatoa joto. Nondo moja ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi. Iache ufukweni ioze yote na itakuwa imetoa joto la kama yuniti 22, ila polepole mno kiasi kwamba hata mjusi aliyelala juu yake haoni tofauti. Ukitaka kuliona bomba likifunguliwa kwa nguvu, simama karibu na fundi anayekata nondo kwa grenda. Zile cheche si msuguano mtupu. Jiwe la grenda linachubua punje ndogo za chuma zikiwa zimepata moto, zikikutana na hewa zinawaka, na mwanga ule ni chuma kikirudi kuwa kutu kwa sekunde moja. Shaba huikati ukaona cheche za namna hiyo.

Sasa kazi ya makaa inaeleweka. Ndani ya tanuri yana kazi mbili: yanatoa joto, na kaboni yake inaitongoza oksijeni. Kwenye joto kali oksijeni huipenda kaboni kuliko chuma, basi huondoka nayo kama gesi. Ndiyo maana kila mradi wa chuma wa Liganga, kule Ludewa, kusini mwa Tanzania, unapotajwa, makaa ya mawe ya Mchuchuma hutajwa kwa pumzi hiyo hiyo.

Kwa hesabu hiyo, kijana anayesukuma mkokoteni wa vyuma chakavu anasukuma tangi lililojaa. Pampu ilishalipiwa, pengine Japani, pengine miaka arobaini iliyopita. Viwanda vingi vya nondo vya Afrika Mashariki vinavyoyeyusha chakavu kwa umeme vinadaiwa zile 370 tu, pamoja na hasara za tanuri, ambazo si haba. Tatizo ni kwamba chakavu hazitoshi dunia nzima, kwa kuwa chuma kingi bado kimesimama kama majengo na madaraja.

Huko Luleå, Sweden, mradi wa HYBRIT ulianza mwaka 2020 majaribio ya kuitongoza oksijeni kwa hidrojeni, na kinachotoka ni mvuke wa maji badala ya hewa ya ukaa. Umeme wa kutengeneza hidrojeni hiyo, hata hivyo, ni mwingi. Bili ni ile ile, dirisha la kulipia ndilo limebadilika.

Njia hiyo haiyeyushi jiwe. Oksijeni inatoka, jiwe linabaki na matundu matupu kama sifongo. Chuma cha namna hiyo kinasumbua mabaharia. Kikipata unyevu ndani ya meli, matundu yote yanashika kutu kwa pamoja, shehena inapata joto, na inaweza kuwaka yenyewe. Kwa hiyo hufungiwa kwenye naitrojeni na kuwekwa mbali na maji, au hugandamizwa kikiwa bado cha moto ili matundu yazibe kabla hakijaona bahari.