Magonjwa ya kuku na kasuku wa nyumbani: yapi huvuka?

Mwenye kuku uani na kasuku barazani, kuku wakianza kufa, huuliza kama kasuku naye atafuata. Inategemea ni ugonjwa gani umeingia. Kuku na kasuku wote ni ndege, lakini koo zao ziliachana zamani sana, na vimelea vingi vimezoea mwili wa ndege wa aina fulani tu. Gumboro, kwa mfano, ni ugonjwa wa kuku, na Marek hali kadhalika. Ndui ipo kwa kasuku pia, ila yao husababishwa na kirusi kingine, si kile cha ndui ya kuku.

Wa kuogopa ni mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Kirusi chake kimekutwa kwa aina zaidi ya 200 za ndege, kasuku wakiwamo. Kuku asiyechanjwa anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda, na banda zima linaweza kwisha kwa siku chache. Kwa kasuku mambo hayaeleweki kirahisi hivyo. Wapo wanaotetemeka kichwa, wakapooza na kufa. Wapo pia wanaoendelea kula na kupiga kelele zao kama kawaida huku kinyesi chao kimejaa kirusi. Baadhi ya kasuku wa Amazon, walipopimwa, walionekana kukitoa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ndiyo maana mimi naona swali lenyewe mara nyingi huulizwa upande mmoja tu. Mwaka 1971 mdondo mkali ulizuka kusini mwa California, Marekani, ukahusishwa na kasuku na ndege wengine wa mapambo walioingizwa kutoka nje. Hadi unadhibitiwa mwaka 1973, ndege wapatao milioni 12 walikuwa wameuawa, wengi wao kuku wa mayai. Kasuku ndiye aliyeweka mabanda hatarini.

Mafua ya ndege nayo yanaweza kumpata kasuku, ingawa ni nadra kwa anayekaa ndani, kwa kuwa hakutani na bata wala ndege wa mwituni. Mwaka 2005 aina ya H5N1 ilikutwa karantini Uingereza, kwenye shehena za ndege wa kufugwa nyumbani zilizokuwa na kasuku pia. Umoja wa Ulaya ukasimamisha uingizaji wa ndege waliokamatwa porini, na mwaka 2007 zuio hilo likawa la kudumu.

Kuna pia homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria wa jamii ya klamidia. Huwapata njiwa, bata na bata mzinga, na binadamu pia: homa, kichwa kuuma, kikohozi kikavu. Anayesafisha tundu lenye kinyesi kikavu anavuta vumbi hilo moja kwa moja, kwa hiyo alowanishe kwanza ndipo akwangue.

Kuku na kasuku si lazima wakutane ndipo ugonjwa uhame. Mdondo husafiri kwenye kandambili zilizokanyaga kinyesi, mikononi, kwenye bakuli la maji, na mara nyingi kwa kuku mgeni aliyenunuliwa mnadani akachanganywa na wenzake jioni ileile. Kuku mgeni atengwe wiki mbili au tatu. Kasuku ahudumiwe kwanza, kuku baadaye, na vyombo visichanganywe.

Chanjo ya mdondo kwa kuku, kama ile ya I-2 ya tone la jicho inayostahimili joto, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Inapunguza sana vifo, lakini kuku aliyechanjwa bado anaweza kubeba kirusi kidogo bila kuonyesha dalili. Usimdondoshee kasuku chanjo hiyo kwa kubahatisha. Imetengenezwa kwa ajili ya kuku, na daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Kuku wakifa kwa wingi mwite yeye kabla ya kuuza waliobaki, maana wauzaji wa haraka ndio huusambaza ugonjwa kijiji kizima.