Je, wajua kwa nini ensefalitisi humfanya mgonjwa aonekane amerukwa na akili?

Mgonjwa huanza na homa na maumivu ya kichwa kama yalivyo maradhi mengine mengi, lakini baada ya siku chache huita watu kwa majina yasiyo yao, hukasirika bila sababu, au hujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Ndugu husema malaria imempanda kichwani, na wengine hudai amepandwa na mashetani. Daktari anaweza kuandika ensefalitisi, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni kuvimba kwa ubongo wenyewe.

Kuvimba huku si kinundu wala saratani iliyoota kichwani. Ni hali ambapo chembe za kinga ya mwili zimeingia katika nyama ya ubongo kupambana na kitu fulani, majimaji yanaongezeka, na kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, ubongo uliovimba hubanwa usipate pa kwenda. Hapa ndipo ensefalitisi inapotofautiana na homa ya uti wa mgongo, ambayo hushambulia tando zinazoufunika ubongo na uti, ingawa mara nyingine mgonjwa hupatwa na yote mawili kwa pamoja. Tando zikivimba, shingo hukakamaa na kichwa huuma sana. Ubongo wenyewe ukivimba, kinachoguswa ni kumbukumbu, lugha, tabia na fahamu.

Mfano ulio wazi ni virusi vya herpesi simpleksi, vilevile vinavyowaletea watu wengi malengelenge ya mdomoni. Kwa nadra sana virusi hivi huingia kwenye ubongo, na vikiingia hupenda zaidi sehemu zilizo usawa wa masikio, ambazo hushughulika na kumbukumbu, maneno na hisia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusahau alichoambiwa dakika moja iliyopita, au kunusa harufu ambayo wengine hawaisikii. Kichaa cha mbwa nacho ni ensefalitisi: virusi husafiri taratibu kupitia neva kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufariki, hivyo chanjo inayotolewa mara tu baada ya kung'atwa ndiyo kinga ya kutegemewa. Surua pia husababisha ensefalitisi, kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 1,000.

Si kila ensefalitisi huletwa na vijidudu. Mwaka 2007, daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake walieleza aina ambayo kingamwili za mgonjwa mwenyewe, yaani protini za kinga ya mwili, hushambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Huwapata zaidi wanawake vijana, na baadhi yao hukutwa na uvimbe kwenye ovari. Huanza kwa hofu, kukosa usingizi na kuona visivyokuwepo, hata wengi hupelekwa kwanza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nalitaja jambo hili kwa uzito kwa sababu ugonjwa huu unatibika, na wengi hupona vizuri wakigunduliwa mapema.

Tukirudi kwenye malaria, familia hazikosei kuishuku. Malaria kali huzibisha mishipa midogo ya damu ya ubongo na kuleta degedege na kupoteza fahamu, ijapokuwa kitaalamu hiyo si ensefalitisi. Kipimo cha malaria basi ni cha kwanza. Kosa ni kuishia hapo: kipimo kikionyesha hakuna malaria na mgonjwa bado anaweweseka, uchunguzi uendelee. Vilevile imani ya baadhi ya watu kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa imewachelewesha watoto wengi kufika hospitali, na inaumiza kwa kuwa sindano hiyo ndiyo ingewaokoa.

Kipimo kinachoogopwa zaidi ni kutolewa maji ya mgongo. Wengi huamini kinapoozesha miguu. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe huishia sehemu ya juu ya kiuno, na daktari huchoma chini ya hapo, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Mgonjwa hulala ubavu akiwa amejikunja, magoti yakielekea kifuani ili nafasi kati ya pingili ifunguke. Maji yanayotoka husaidia kujua kama kuna virusi, bakteria, kifua kikuu au zile kingamwili zinazoshambulia ubongo, na penye uwezo picha ya MRI huonyesha sehemu iliyoathirika.

Daktari akishuku herpesi, hasubiri majibu yote ndipo aanze asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo. Bila tiba, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 hufariki. Dawa ikianza mapema idadi hiyo hushuka sana. Hutolewa kwa mshipa kwa siku 14 hadi 21, na vidonge havitoshi. Hata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, baadhi hubaki na kifafa, usahaulifu au hasira za ghafla, nao huhitaji dawa za kifafa, mazoezi ya kumbukumbu na ndugu wanaofahamu kwamba tabia hiyo mpya ni jeraha la ubongo.