Mraba wa Ekseli Si Mraba Tu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea baiskeli ya mtumba yenye fremu ya chuma na gia kumi, pamoja na kranki (mikono ya pedali) za alumini zenye sproketi tatu alizozinunua soko la Gikomba, Nairobi. "Fundi, toa hizi za zamani, ufunge hizi," akasema. "Ekseli iache tu. Mraba ni mraba." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na ndiyo sababu ninayajibu hapa kwa maandishi; ukali ukijitokeza, mnisamehe.

Ekseli ninayoisema ni ile inayopita ndani ya fremu na kuunganisha kranki mbili; ncha zake za mraba hupungua unene kuelekea nje, kila uso kwa nyuzi 2, nako kuna vipimo viwili vilivyoenea: kile cha Japani, JIS, na kile cha kimataifa, ISO, ambacho kampuni ya Kiitaliano Campagnolo wamekitumia. Mteremko ni uleule, ila ncha ya ISO ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo kranki ya ISO ikivikwa ekseli ya JIS hukwama mapema na kusimama takriban milimita 4.5 nje ya mahali pake. Ukigeuza mambo, yaani kranki ya JIS kwenye ekseli ya ISO, kranki huzama kupita kiasi, na hapo ndipo penye hatari: bolti inakaza, mkono unahisi imeshika, kumbe imeegemea ncha ya ekseli huku kranki yenyewe haijabanwa na chochote.

Hapo hatujagusa urefu. Ekseli ya kijana huyu ilikuwa ya milimita 113, na kranki zake zilihitaji 122.5. Wengi hudhani tofauti hiyo ya 9.5 yote huenda upande wa mnyororo, ilhali ncha zikiwa sawa hugawanyika, kila upande ukapata 4.75 tu. (Ekseli nyingi za zamani za gololi zina ncha ndefu zaidi kulia, kwa hiyo pima kabla ya kukisia.) Mstari wa mnyororo, yaani umbali kutoka katikati ya fremu hadi sproketi za mbele, hupimwa hivi: chukua nusu ya kipenyo cha bomba la kiti, ambalo kwa fremu nyingi za chuma ni milimita 28.6, ujumlishe umbali kutoka ubavuni mwa bomba hilo hadi katikati ya seti ya sproketi. Kwa sproketi mbili za baiskeli ya barabarani hutafutwa takriban 43.5. Nilipomjaribishia kranki zake kwenye ekseli ya zamani, sproketi ndogo ilisugua bomba la fremu linalokwenda gurudumu la nyuma. Yeye akapendekeza tulibonyeze bomba kidogo kwa nyundo. Nyundo nikaiweka mbali.

Dawa nyingine ya mitaani ni kipande cha kopo la soda kinachochomekwa kati ya ekseli na kranki iliyolegea. Alumini ya kranki ni laini kuliko chuma cha ekseli; ukiiendesha ikiwa imelegea, hata kutoka Githurai hadi mjini, tundu linatafunwa na halirudi kuwa mraba tena.

Kuhusu vikombe, vile vyenye thredi vinavyoishika ekseli ndani ya fremu, nitasema kwa ufupi. Katika fremu za kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mshale wa saa, nacho cha kushoto kinyume chake. Za Kiitaliano na za Kifaransa zina thredi ya kawaida pande zote mbili. Katriji (ekseli na gololi zake zikiwa kifaa kimoja) ya Kiingereza usiilazimishe kwenye fremu ya Kifaransa: tofauti ya kipenyo ni kama milimita 0.2 tu, lakini thredi hazilingani, na utaiharibu fremu.

Jambo moja sina msimamo nalo. Kuna mafundi wanaopaka grisi kidogo kwenye mraba, na kuna wanaoapa kwamba ni lazima uwe mkavu. Nimefanya yote mawili kwa miaka mingi na sijaona tofauti niliyoweza kuithibitisha. Siku hizi napaka, kwa sababu tu kranki hutoka bila ugomvi.

Kijana alirudi juzi na katriji ya 122.5, na baada ya kuifunga, kati ya sproketi ndogo na fremu palibaki milimita tatu. Akauliza kama ile ekseli ya 113 anaweza kuifunga kwenye baiskeli ya kaka yake. Nikamuuliza kranki za kaka yake ni za kipimo gani. "Fundi," akasema, "si ni mraba?"